Mwanya wa Atupele

Jumatatu, 5 Juni

Atupele ni mjinga. Nimemwambia hivyo usoni na hapa naandika hivyo hivyo. Mtu anatembea miezi minne na uvimbe juu ya meno, anaufunika na mtandio, ukimuuliza anasema ni baridi ya hapa kwetu Lufingo. Baridi gani hiyo inayochagua mdomo wa mtu mmoja?

Nimeuona leo asubuhi. Tulikuwa zizini, mimi nakamua, yeye ameshika mkia. Mkia ukamponyoka, ukaondoka na mtandio. Mdomo wa juu umeinuka kama mtu aliyeficha kokwa ndani. Nikaacha kukamua. Nikamshika kidevu, nikainua mdomo kwa kidole. Donge gumu, juu ya meno mawili ya mbele. Jino moja limekuwa rangi ya chai. Linauma? Haliumi. Tangu lini? Tangu kabla ya kupanda maharage.

Ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu Ipyana. Nimemlea tangu ana miaka miwili, sasa ana kumi na tisa. Anajifunza cherehani kwa fundi pale Tukuyu mjini. Anashinda kule na donge mdomoni na hakuna aliyemwambia neno. Watu wa siku hizi wanatazama simu tu.

Nimechemsha maji ya chumvi asukutue. Nimemkanda na kitambaa cha moto mpaka amelia. Alie.

Jumatano, 7 Juni

Limepasuka. Mchana, akiwa anasukutua. Nikamwambia atemee kwenye bakuli jeupe nione. Si usaha. Maji ya manjano, membamba, yanang'aa juu kama yamedondokewa mafuta. Chumvi chumvi, anasema. Donge limeshuka.

Nimefurahi. Nimejisifu pia, nani atanikataza. Nikamwambia umeona, hospitali ya nini wakati bibi yako yupo. Akacheka na kiganja mdomoni. Siku zote anacheka hivyo. Nilidhani ni adabu.

Mvua tangu asubuhi. Majani ya ng'ombe yameloa yote.

Jumamosi, 10 Juni

Limerudi. Kubwa kuliko la kwanza. Sasa limetokea mpaka juu ya kinywa kwa ndani, ukibonyeza linaingia kama parachichi lililoiva, ukiachia linarudi. Nimeogopa. Mimi si mtu wa kuogopa ovyo.

Nimemshika mkono mpaka kwa mganga wa meno Tukuyu mjini. Mtu mzima, mtaratibu, ana miwani. Nikamwambia ng'oa haya mawili tuondoke, ng'ombe wananingoja. Akatazama, akagonga kila jino na kitu kama kijiko, akakataa. Anasema donge limo ndani ya mfupa wa taya. Aking'oa meno, donge linabaki na linaendelea kula mfupa. Twende Mbeya, hospitali kubwa, wakapige picha. Akaandika barua.

Nikamwambia mimi nimeng'oa ya kwangu matatu ya nyuma kwa uzi na sijafa.

Akasema, "Bibi, hayo yalikuwa ya kwako."

Sikulipenda jibu lake. Mpaka sasa linanikera.

Jumapili, 11 Juni

Sijaenda kanisani. Nimesema mgongo. Mgongo hauna kitu.

Ngoja niliandike maana kusema siwezi. Nayajua meno yale. Mimi ndiye niliyeyafanya.

Mimi nina mwanya. Wa kuzaliwa, meno mawili ya juu, mpana, maziwa yanapita. Mama yangu alikuwa nao. Ipyana anao, na watoto wake aliozaa na mkewe kule Tunduma wanao wote wanne. Atupele alizaliwa nje kabla ya ndoa, mama yake akamleta kwangu akaenda zake kuolewa. Meno yalipoota yakabanana kama mahindi gunzini.

Krismasi moja wifi yangu Subilaga, dada wa marehemu mume wangu, alikuja kutoka Mbeya. Tunakula, watu wamejaa. Akamtazama mtoto, akasema, "Huyu mbona mwanya wetu umemruka?" Watu wakacheka. Mtoto alikuwa na miaka kumi na nne. Alielewa. Aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo havijaliwa.

Mwanya wetu! Wifi mwenyewe hana, ni wa kwetu sisi.

Baada ya hapo mtoto akaanza kukaa mbele ya kioo. Akaniomba nimtengenezee mwanya. Sikumlazimisha, lakini yeye mtoto na mimi mtu mzima. Usichana wangu niliona wenzangu wakisugua mwanya na hakuna aliyekufa. Nikachukua tupa ndogo ya kunolea visu vya kupogolea chai. Nikasugua. Karibu na ufizi tupa haikuingia. Nikachukua bisibisi bapa, nikaichomeka katikati ya meno, nikaigonga na mpini wa kisu. Mara tatu. Ya tatu nilisikia mlio. Damu. Meno yote mawili yakalegea, wiki mbili akanywa uji tu. Kisha yakakaza. Mwanya ukabaki, mzuri kweli.

Nikamwapisha asimwambie mtu, maisha. Mwaka uliofuata wifi akaja, akautazama, akasema kumbe ulichelewa kutoka. Nikasema ndiyo, mingine huchelewa.

Nilishinda. Ndivyo nilivyojisikia siku ile.

Jumanne, 13 Juni

Mbeya. Tumelala kwa wifi Subilaga. Nani mwingine tunaye huku? Anatupenda, ametupikia vizuri, amejipa kazi ya kutusindikiza hospitali. Nilimwambia asijisumbue. Akasema wifi usinifukuze kwenye mji wangu.

Daktari ni mwanamke, mdogo kwa umri, mkono mwepesi. Amenipa shikamoo vizuri. Wamempiga Atupele picha ya taya. Kwenye picha kuna shimo jeusi la duara juu ya meno mawili ya mbele, kubwa kama yai la njiwa. Anasema ni kifuko chenye maji, kimekaa ndani ya mfupa kinausukuma taratibu, bila maumivu, miaka. Kikiachwa kitafika puani.

Akachukua pamba ya baridi kali akagusisha kila jino. Ya pembeni Atupele alishtuka. Yale mawili, kimya. Daktari anasema yamekufa. Yamesimama lakini yamekufa kwa ndani. Na hayana hata tundu.

Akamuuliza, "Uliwahi kugongwa mdomoni? Kuanguka, kupigwa?"

Atupele akanitazama mimi. Akasema hapana.

"Na mwanya huu ni wa kuzaliwa?"

Nikadakia mimi. Nikasema ni wa ukoo. Nikafungua mdomo nikamwonyesha wangu. Wifi amesimama pale na mkoba wangu, akaongeza kwamba hata baba wa mtoto anao. Daktari akaandika.

Mtoto ameshika kiapo mbele ya daktari. Kwa ajili yangu.

Jumatano, 14 Juni

Leo daktari ametueleza na nimeelewa vizuri zaidi kuliko nilivyotaka.

Yapo mambo mawili. Kama meno yaligongwa zamani yakafa, basi uchafu wa meno yaliyokufa umetoka kwenye ncha ya mzizi ukazaa kifuko. Hapo wanasafisha mizizi, wanakitoa kifuko, meno yanabaki. Lakini kama hakuna kilichoyaua, basi huenda donge ndilo lilianza na meno yakafuata. Madonge ya namna hiyo yana jeuri, yanarudi. Watakata kwanza kipande wapime, na asishangae wakija kutoa kwa upana, na meno manne ya mbele na mfupa unaoyashika. Ijumaa anampeleka mbele ya mabingwa wenzake. Huenda Dar es Salaam.

Atupele hakulia. Aliuliza swali moja tu, kama akitolewa meno manne ataweza bado kukata uzi. Mafundi wanakata uzi kwa meno.

Jioni wifi akanisema kwamba sijagusa chakula. Nikamjibu vibaya. Nina hasira na wifi, nina hasira na daktari, na Atupele kwa kunyamaza. Hasira imewazunguka wote hao, imerudi kukaa kwangu.

Alhamisi, 15 Juni

Nimesema.

Sikuitwa leo, nimekwenda mwenyewe. Atupele nyuma yangu, wifi nyuma yake. Ningeweza kumwambia wifi abaki nje. Njia nzima nilipanga hivyo. Kufika mlangoni nikaona nikimtoa huyu nitakuwa nimesema nusu, na nusu nilikwisha kuisema Jumanne. Nikaingia nao wote.

Daktari alikuwa anavaa glovu. Nikamwambia avue asikilize.

"Mwanya si wa kuzaliwa," nikasema. "Niliufanya mimi. Kwa tupa."

"Tupa niliiona siku ya kwanza, Bibi," akasema. "Meno yana mistari. Lakini kusugua peke yake hakufiki kwenye mzizi. Nilitaka kujua kingine."

"Bisibisi. Niliigonga mara tatu. Meno yakalegea wiki mbili. Alikuwa na miaka kumi na nne."

Akauliza yalisogea? Yalitoka damu? Lini jino lilibadilika rangi? Atupele akajibu hayo mwenyewe, polepole, kama mtu anayetua mzigo kichwani. Daktari akaandika ukurasa mzima. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu kwamba hii inaendana na picha, na ataanza na mizizi. Kifuko kitapimwa vilevile, hilo haliachwi, lakini meno manne hataki tena kuyazungumzia, na kwa mabingwa Ijumaa hampeleki tena.

Tukakaa kwenye benchi nje. Nilingoja wifi anitukane, nilikuwa na jibu.

Akasema, "Wifi, mimi nilisema neno moja Krismasi, nikaendelea kula. Kumbe wewe ulikwenda kulifanyia kazi."

Nikafunga khanga yangu upya.

Kisha akamgeukia Atupele. "Na wewe. Ningekuwa na shaka na wewe ningekulaza kitanda kimoja na mimi, unavyopiga mateke hivyo?"

Atupele akacheka. Akasahau kuziba mdomo.

Ijumaa, 16 Juni

Nimempigia Ipyana Tunduma nikamweleza yote. Nilitaka anipigie kelele. Akasema, "Mama, mimi sikuwahi kutazama meno yake hata siku moja."

Basi nilimpigania mtoto vita ambavyo hakuna aliyekuwa anapigana. Nimeona haya. Nimekwenda kumfulia wifi mashuka yake yote, hakuniomba.

Jumatatu, 19 Juni

Wameanza mizizi. Daktari ameniruhusu kukaa ndani, nisiseme neno. Nimejitahidi.

Sindano ya ganzi. Akatoboa jino kwa nyuma, upande wa ulimi, tundu dogo. Akaingiza visindano vyembamba kama njiti za ufagio laini, kimoja kimoja, anasugua ndani ya mzizi, anaosha na dawa inayonuka kama ya kufulia nguo nyeupe. Maji ya manjano yalishuka kupitia kwenye jino. Yalitoka muda mrefu. Daktari hakuharakisha. Mimi nikikamua huwa siharakishi pia, ukiharakisha ng'ombe anabana. Nimemheshimu kuanzia hapo.

Ameweka dawa ndani, ameziba kwa muda. Wiki ijayo anajaza kabisa.

Tumerudi Lufingo. Jirani aliyekuwa anawaangalia ng'ombe amewakamua vibaya. Nimemwambia asante, halafu nimemwambia amekamua vibaya.

Jumatatu, 26 Juni

Mbeya tena. Mizizi imekauka, imejazwa mpaka ncha. Picha imepigwa, mistari miwili myeupe imeingia kwenye shimo jeusi. Kesho wanafungua.

Nauliza kwa nini wafungue kama mizizi imetibiwa. Daktari anasema vifuko vidogo hupona kwa mizizi peke yake. Hiki ni kikubwa, kina ngozi yake, hakiondoki kwa kuombwa.

Atupele ameshona leo mchana kwa wifi, foronya mbili, mshono umenyooka kabisa.

Jumanne, 27 Juni

Imechukua saa moja na nusu. Leo hawakuniruhusu kuingia. Nilikaa benchi na wifi. Alileta karanga. Tukazila zote pamoja.

Atupele alikuwa macho, ganzi tu. Ananiandikia kwenye karatasi maana mdomo umevimba. Walifunua ufizi kama mtu anavyokunja pindo la gauni. Mfupa ulikuwa mwembamba kama ganda la yai. Wakakitoa kifuko kizima kizima, kimetoka na ngozi yake. Wakakata ncha za mizizi miwili, kidogo tu, wakaosha shimo, wakashona. Anasema alisikia kila sauti na hakusikia maumivu. Anasema mshono wa daktari ni mzuri ila fundo lake kubwa. Ndiyo, huyo ni fundi.

Daktari alinionyesha kifuko ndani ya kichupa. Kitu kidogo, kama ngozi ya zabibu. Kinakwenda kupimwa.

Uso umevimba mpaka jicho. Barafu nje, dakika chache chache, mapumziko. Nilitaka kumkanda na maji moto. Nimekatazwa. Nimekaa juu ya mikono yangu.

Jumanne, 4 Julai

Nyuzi zimetolewa. Ufizi umeshika. Anakula ndizi za kupondwa, kwa kulalamika, hivyo anapona. Majibu ya kichupa bado.

Silali vizuri. Najiuliza kama niliigonga mara tatu au nne.

Jumanne, 11 Julai

Majibu. Ni kifuko cha jino lililokufa. Hakuna kingine ndani yake. Si lile donge lenye jeuri.

Daktari alisema kwa simu, Atupele akaweka sauti ya juu nisikie. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikakata majani ya ng'ombe mengi kuliko wanayoweza kula.

Meno yake ni yake. Yote manne, yote ishirini na mengine, sijahesabu.

Jumapili, 16 Julai

Ukungu mpaka saa nne. Kanisani nimekwenda. Atupele amekaa na wenzake mbele, mimi nyuma na wazee.

Baada ya chakula ameniambia jambo. Daktari amemwambia taya likishajaza mfupa, anaweza kumtengenezea yale meno mawili. Lililokuwa rangi ya chai litarudi jeupe. Zile alama za tupa atazifunika. Na mwanya, akitaka, atauziba kwa dawa ya rangi ya jino lake, hautaonekana. Asipotaka, atauacha. Akaniuliza mimi naonaje.

Nilikuwa na jibu tayari. Nimekuwa na jibu la kila kitu miaka yote. Nikalimeza, nikaosha sufuria. Nimemwambia aendelee kumenya viazi vya jioni.

Ameendelea. Anamenya akiimba wimbo wa asubuhi, mdomo wazi, mkono hauendi usoni. Sijui atachagua nini. Sijamuuliza na sitauliza.

Kilichobaki ni hiki. Muwa asimegue kwa meno ya mbele. Uzi akate kwa mkasi, nitamnunulia. Mwezi wa kumi na mbili, wiki ya kwanza, arudi Mbeya apigwe picha waone kama mfupa umejaa, hata mvua inyeshe vipi. Alale kwa wifi. Kwa daktari aingie peke yake, aseme mwenyewe mdomo anaoutaka. Mimi nisifike hata mlangoni.